Siku Tulipolaza Majembe

Watu hapa Mwese wanasema mke wangu alipopata kiharusi alipoteza maneno. Si kweli. Maneno anayo. Ukisema jembe, anakuonyesha jembe. Ukisema maharage, anageukia gunia. Kilichokatika ni ile kamba inayofunga neno na neno, ili ujue nani amefanya na nani amefanyiwa. Mimi shule yangu ni ile ya watu wazima, tena niliiacha mvua ziliponyesha nikaenda kulima, kwa hiyo nitaeleza kama nilivyoelezwa na kama nilivyoona. Nikipotea njiani nivumilieni, nitarudi.

Tulimteremsha mjini Mpanda, tukafikia kwa dada yangu, mtaa wa Nsemulwa, na kila asubuhi tukawa tunampeleka hospitali. Mkono ulirudi kidogo, mguu ukabaki wa kuburuta. Pale kulikuwa na binti mmoja wa mazoezi, mpole, mwenye sauti ya kwaya. Siku moja akatoa picha mbili. Moja, mama amembeba mtoto mgongoni. Ya pili imechorwa kama utani, mtoto mnene amembeba mama yake, miguu ya mama inaburuta chini. Mke wangu aliiona ile ya pili akacheka, ikawa mara ya kwanza kucheka tangu aanguke, na mimi nikageuza uso.

Binti akamwambia, "Bibi, nionyeshe: mtoto anakunywa uji." Hiyo ilikuwa picha nyingine, akaionyesha bila shida. Kisha akamwambia, "Nionyeshe: mama amebebwa na mtoto." Mke wangu akaweka kidole kwenye picha ya mama aliyembeba mtoto, tena kwa uhakika, kama mtu anayeulizwa jua linatokea wapi. Wakarudia kwa Kirundi, maana mimi nilitafsiri. Ikawa vilevile. Lugha zote mbili zilikatika mahali pamoja.

Yule binti alinielezea tukiwa kwenye benchi. Alisema ubongo wa mtu unapokea maneno kwa mikono miwili. Mkono mmoja unashika viungo vya maneno, nani katangulia, nani kafuata. Mkono wa pili unashika dunia jinsi ilivyo, kwamba mama hubeba mtoto, mbwa huuma, ng'ombe hula majani. Mtu mzima anatumia yote miwili bila kujua. Mkono wa kwanza wa mke wangu ulikuwa umekufa kama ule wa mwilini. Umebaki wa dunia. Akisikia mama, mtoto, kubeba, anapanga mwenyewe kama dunia inavyopanga. Nikamjibu kwamba hapo hakuna hasara kubwa, mke wangu dunia anaijua kunizidi. Akatabasamu tu. Nadhani alijua ninalosema ni la kujifariji.

Lakini kweli, ilitutosha. Tuliporudi kwetu milimani nilijifunza kusema huku nimeshika kitu. Nataka maji, nashika ndoo. Nakwenda sokoni, navaa koti kwanza ndipo naaga. Yeye naye ulimi ukimteleza, akasema "moto" huku anaonyesha mtungi, mimi nasema taratibu, "maji," naye anatikisa kichwa kukubali. Mimi mwenyewe nikichanganya, maana uzee nao ni kiharusi cha polepole, yeye ananirekebisha. Tukawa kama watoto wawili wanaofundishana kusoma. Kumbukeni hilo la kurekebishana, nitalirudia.

Na nisiwadanganye, mimi mwenyewe niliwahi kusikia kama anavyosikia yeye. Wazazi wetu walipovuka kutoka Burundi nilikuwa kijana, Kiswahili nilikuwa nacho cha kuomba chumvi. Asubuhi moja jirani yetu, Mbende, mwenyeji wa huku, alipita anahema, akasema watu wa bondeni wamefukuzwa na tembo. Mimi nilidaka watu, bonde, kufukuza, tembo. Kule tulikotoka mnyama hufukuzwa na watu, sijawahi kusikia kinyume chake. Nikachukua panga na kikapu, nikashuka mbio kuwahi fungu langu la nyama. Njiani nakutana na akina mama wanapanda mlima na watoto mgongoni, na masufuria, na kuku. Wananiangalia mimi na kikapu changu. Mmoja akaniuliza kama nakwenda kumchumia tembo mboga. Nilikuwa mwenye kikapu kwa miaka mingi, na dada yangu hajaniachia mpaka leo.

Haya. Nirudi.

Tulibakiwa na mtoto mmoja, binti. Mkubwa wake alikufa mchanga, huyo nitamsema baadaye kwa sababu anahusika. Binti yetu aliolewa chini kule Kapalamsenga, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na mvuvi. Mwanamume mzuri, mchekaji, ila sisi ni watu wa milima, maji mengi tunayaogopa. Mke wangu tangu siku ya posa hakuwa na raha na lile ziwa. Upepo ukivuma huku juu, anaacha kuchambua mchele anamwombea mkwe wake. Hata baada ya kiharusi, mabati yakipiga kelele tu, atasema, "Mkwe." Neno moja, na mikono anaifumbata. Hawakujaliwa mtoto. Alikuwa akisema wakati ule akiwa mzima, ziwa likimchukua yule, binti yangu atarudi kwangu na nguo zake tu. Alikwisha kulia msiba huo mara nyingi kabla haujatokea.

Msiba ulipotokea haukuwa huo. Binti yetu aliugua homa, siku chache tu, akafa. Mkwe alinipigia simu, hakuweza kumaliza.

Mke wangu hawezi kupanda pikipiki, na barabara yetu mnaijua. Dada yangu akaja kutoka Nsemulwa kukaa naye. Nilimwomba asiseme kitu, maana habari ya mtoto huletwa na baba yake. Nikashuka ziwani, nikamzika mwanangu kwenye mchanga ambao ukiuchimba unaporomoka, unachimba tena unaporomoka tena. Sitaki kueleza zaidi ya hapo.

Niliporudi nilimkalisha mke wangu mkekani. Sasa, kwetu mtu hasemi mtoto wako amekufa, kama anayesema mbuzi amekufa. Huzungushwa. Habari inaingia nyumbani kwa mlango wa nyuma. Baba yangu aliniletea habari ya mama yangu hivyo, na mimi nilizungusha hivyo bila kuwaza, ndiyo adabu niliyonayo. Nilimwambia kwa Kirundi kwamba mume wa binti yetu ameachwa na mwenzake, kwamba tumemsindikiza, tumemlaza vizuri.

Aliniangalia usoni. Kisha akasema, "Ziwa?"

Nikadhani anauliza kama tumemzika kulekule. Nikamjibu, "Ndiyo, kule ziwani."

Akapiga yowe, akaangukia mapajani kwangu. Na mimi nikalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza, kwa sababu sasa nilikuwa na wa kulia naye. Majirani wakaja, kwaya ikaimba, wakaomba kwa ajili ya binti, kwa ajili ya mkwe, majina yote mawili yakatajwa, akaitika amina kwa yote. Nani angejua? Tulilia kwenye mkeka mmoja, kila mtu na maiti yake.

Zamani baada ya hapo tungelaza majembe. Nieleze kwa ajili ya vijana. Sisi wenye asili ya Burundi, mtoto wa nyumba akifa, nyumba hiyo inaacha kulima. Majembe yanalazwa chini, hayachimbi udongo. Beberu anatengwa na majike, na mzee na mkewe wanatengana pia, kitu chochote kisipandwe wala kisizae mpaka siku ya kuondoa msiba, ambayo tunaiita kuganduka. Ni kwa wa nyumba hiyo tu. Mkwe akifa, majembe yanalazwa kwao, si kwenu. Lakini sisi tuliokoka. Kanisani tulifundishwa kuacha mambo hayo, na tuliyaacha. Mvua za kupandia zilikuwa zimeshaanza. Baada ya siku chache tukaomba, tukarudi shambani.

Mke wangu akaanza kufagia ile nyumba ndogo aliyolala binti yetu kabla hajaolewa. Akatoa mkeka juani, akaupiga vumbi kwa ule mkono mzima. Nikaona ni majonzi, kila mtu ana yake. Kisha akaniletea jembe dogo la binti yetu la usichana, limebaki chuma tupu, akanionyesha niliwekee mpini. Nikachonga, nikilia, nikijua ni kumbukumbu anataka. Siku iliyofuata nikamkuta pembeni ya shamba letu la maharage anachomeka vijiti, anapima kipande cha ardhi.

Halafu akaanza kukaa barabarani. Lipo gogo pale pikipiki zinapopumzika baada ya kupanda kilima. Alikaa pale asubuhi mpaka jua likawa kali, na kila pikipiki ikitokea anasimama, anashikilia fimbo yake, anamwangalia aliyepakiwa nyuma. Nilipokwenda kumchukua aliniuliza kwa maneno yake yanayoruka ruka.

"Mtoto. Kuja. Lini?"

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi. Nyumba ndogo, jembe, kipande cha shamba, vyote vikajipanga. Alikuwa anamwandalia mjane. Alidaka mume, binti, kuachwa, ziwa, na akapanga kama dunia inavyopanga: maji yamemchukua mvuvi, mke anarudi kwa mama yake.

Kijana mmoja wa bodaboda, ambaye hakujua lolote, alikuwa amemwambia kwa wema wake, "Bibi, huyo mgeni wako nikimkuta chini nitamleta mwenyewe mpaka mlangoni, wewe usikae juani." Hilo alilielewa lote. Likamwongezea nguvu ya kukaa.

Siku hiyohiyo nikaacha adabu ya kuzungusha. Nikamshika mikono nikasema, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, "Binti yetu amekufa." Maneno hayo ni mafupi, hayana kamba ndefu ya kukatika. Alinisikiliza. Akatikisa kichwa, akanipigapiga mkono kwa upole, na akanirekebisha.

"Mume," akasema taratibu, kama ninavyomwambia mimi, maji, si moto. "Mume. Ziwa."

Nikarudia. Akarudia. Alinionea huruma kwamba msiba umenivuruga ulimi. Kwake yeye ilikuwa rahisi zaidi mzee aseme neno silo, kuliko binti mzima mwenye afya atangulie na mvuvi abaki. Na nani atamlaumu? Nami ningechagua hivyo kama ningeachiwa nichague.

Simu yangu ni ya tochi, haina picha. Niliwaza kumwita mkwe apande huku amwone kwa macho. Alikuwa bado amekaa msibani kwao, lakini angekuja kama ningemwita. Kisha nikaona jinsi itakavyokuwa: mke wangu amesimama pale kwenye gogo, pikipiki inatokea, anashuka yule anayemjua ni marehemu, na nyuma yake hakuna mtu. Nikaona huo ni ukatili, sitaufanya.

Dada yangu alikuwa bado yupo. Nilimweleza jikoni, alipokuwa anapepeta maharage. Aliweka ungo chini.

"Acha hivyo hivyo, kaka," akasema. "Msiba amekwisha kupewa. Kikombe amekinywa. Unataka kumwekea cha pili?"

"Amekunywa kikombe si chake."

"Uchungu ni uchungu. Kwani machozi yanauliza ni ya nani?"

"Na barabarani atakaa mpaka lini?"

Akauokota ungo. Akaniambia kosa ni la maneno yangu ya kuzungukazunguka, ningesema tangu siku ya kwanza amekufa fulani, basi. "Wewe wa kikapu," akasema, "umezoea kutuma maneno mahali yasikofika." Tukacheka kidogo, halafu akajifunika uso na khanga. Alikuwa shangazi yake, alimbeba akiwa mchanga, mguu mmoja wa yule mtoto ulikuwa umepinda kidogo naye ndiye aliyekuwa akiukanda kila asubuhi mpaka ukanyooka. Mnaona, haya ndiyo nilisema yatanipoteza.

Nilikaa na jambo lile. Dada yangu hakusema uongo, uchungu mke wangu alikuwa nao tayari. Lakini mtoto ni mmoja tu aliyembakia, na hakuna mtu duniani aliyekuwa na haki ya kumlilia kuliko yeye, naye alikuwa anamfagilia nyumba. Na ingekuwaje mwisho wake? Mvua zingekwisha, maharage yangekomaa, naye angefika kuamini kwamba mtoto wake anaijua njia ya kwao na hataki kuja.

Ndipo nikamkumbuka yule mchanga wetu wa kwanza. Alipokufa tulikuwa hatujaokoka, tulikuwa wapya nchi hii, hata ardhi ya kumzikia tuliombewa na yule jirani wa habari ya tembo. Mke wangu alikuwa msichana. Siku ile mimi ndiye niliyelaza majembe, na yeye alikaa kizingitini akaniangalia. Hakulia makaburini, alilia nilipolaza jembe lake.

Basi nikafanya. Ilikuwa asubuhi, mvua ilikuwa imenyesha vizuri, udongo umelegea, milima yote unasikia watu wanalima na kuitana. Nilikuwa na nusu gunia la mbegu haijaingia ardhini. Mke wangu alikuwa amejitayarisha kwenda barabarani, fimbo mkononi. Nikatoa jembe langu, nikalilaza mbele ya mlango, makali yakiangalia nyumba. Nikatoa la dada yangu. Nikatoa la mke wangu, ambalo hajalishika tangu augue, nalo nikalilaza.

Alisimama. "Mvua," akasema, akionyesha shamba, maana aliona nimesahau kazi.

Nilikwenda bandani, nikamfunga beberu kamba, nikamtoa kwa majike akigoma na kupiga kelele, nikamfunga peke yake kwenye mti wa mwisho wa uwanja. Nilipogeuka mke wangu alikuwa amekaa kizingitini. Fimbo ilikuwa imeanguka. Alikuwa anaangalia majembe, kisha beberu, kisha mimi, kisha majembe tena, kama mtu anayesoma herufi moja moja. Sikumsaidia. Nilitaka kumsaidia, nikajizuia, kwa sababu kila neno langu angelirekebisha.

Akaniuliza, "Hapa?" Akapiga kizingiti kwa kiganja. "Hapa?"

Nikaitika kwa kichwa.

Akainuka kwa kushika ukuta. Akauburuta ule mguu mpaka nyumba ndogo, akakaa humo. Dada yangu alitaka kumfuata nikamkatalia. Alipotoka alikuwa na lile jembe dogo lenye mpini mpya niliouchonga. Alilibeba kifuani. Akaja mpaka pale mbele ya mlango, akashindwa kuinama, nikamshika kiuno, akalilaza kando ya lake yeye, akalisogeza mpaka mipini ikagusana.

"Mtoto," akasema.

Kilio chake cha siku hiyo sitakiandika. Niseme tu kwamba kile cha kwanza kilikuwa na sauti kubwa zaidi.

Mzee wa kanisa alikuja, nilijua atakuja. Alikuwa ameona shamba limelala wakati wa mvua na beberu amefungwa mbali, akaniuliza kwa upole kama tumerudia matambiko. Nilimwambia hapana, mzee, haya ni maneno, ninazungumza na mke wangu. Alikaa kidogo, akaomba pamoja nasi, akaondoka. Mbegu zile nilimpa dada yangu akaondoka nazo Nsemulwa. Mwaka huu maharage tutanunua. Magugu yameingia mpaka kwenye kile kipande cha vijiti, na vijiti viwili vimechipua majani. Kuganduka tutafanya mkwe akipanda huku, ameahidi, naye sasa anaweza kuja.

Barabara mke wangu anaiangalia bado, ila sasa anakaa mlangoni kwetu, ambapo unaiona kwa mbali. Juzi yule kijana wa bodaboda alipanda kilima na abiria mwanamke nyuma, mwenye kitambaa kichwani. Alipofika usawa wetu akapunguza mwendo, akatuangalia, nadhani alikumbuka ahadi yake. Mke wangu hakusimama. Aliinua kiganja cha mkono mzima, akampungia apite.